Unanipiga Picha ya Nini?

Mwaka 1906 Vita vya Majimaji vilikuwa havijazimika sawasawa kusini. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto mwaka mmoja nyuma, watu wamekimbia mashamba, njaa imeingia vijijini. Ndipo alipopita Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, akitokea Lindi na wapagazi wake na askari wenye bunduki. Alifika Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Kwenye mizigo yake mlikuwa na kamera za kutumia sahani za kioo, kamera ya sinema, na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Picha zake nyingi zimo katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1908. Mwaka uliofuata kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, mwanamke aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa Kiswahili huko London.

Mtu wa huku akizitazama picha hizo leo, kinachomshika si ndonya kwenye midomo ya wanawake wala chale za usoni. Ni namna watu walivyosimama. Wengi wamesimama walipoambiwa wasimame, mikono imelala ubavuni, wanangoja iishe. Chini ya picha limeandikwa kabila: Mmakonde, Myao, Mmakua. Ukiacha machifu na wachache wengine, majina hayapo. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Masasi vina bahati zaidi. Mjiolojia Wilhelm Bornhardt alivieleza vilima vya aina hiyo kusini mwa nchi hii katika kitabu cha mwaka 1900, na hadi sasa wanajiolojia wa dunia nzima wanaviita kwa jina lake. Jiwe limepata jina la Mjerumani. Mama aliyesimama juani mbele ya kamera hakuachiwa hata la kwake.

Sisemi haya ili kumhukumu Weule, ambaye amekwisha kuhukumiwa na wenye elimu kunizidi. Nayasema kwa sababu yeye, tofauti na mimi, alijua barabara picha zake ni za nini. Kulikuwa na makabati Leipzig yanayongoja. Alitumwa alete mifano ya watu kama alivyotumwa alete vinyago, mitego na vyungu, na mtu akishakuwa mfano wa wenzake, jina lake linakuwa mzigo wa bure.

Miaka mia na ushee imepita. Mimi naishi Lisekese, katika mji wa Masasi, na kwenye misiba ya jirani nimeona kitu kinachonirudisha kwa Weule kila mara. Kila msiba una kijana anayetumwa kutafuta picha ya marehemu, ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi au kwenye fremu mezani. Inatafutwa kwenye albamu, kwenye bati la biskuti lenye hati za shamba, kwenye simu za wajukuu. Mara nyingi inayopatikana ni ile ya kitambulisho cha NIDA, au ya kadi ya mpiga kura, tangu tulipoandikishwa kwa mashine kwa ajili ya uchaguzi wa 2015. Kijana wa steshenari anaikata, anaikuza mpaka inaota ukungu. Mzee aliyekuwa akichekesha kijiwe kizima anaagwa akiwa amenuna, kwa sababu siku ile karani alimwambia avue kofia, atazame mbele, asicheke.

Karani naye hana kosa. Ana foleni mpaka barabarani na mashine yake inataka masikio mawili. Lakini ukifikiri vizuri, mzee huyu amepigwa picha kama babu yake alivyopigwa na Weule: na mtu mwenye orodha. Baadhi ya wazee wa mtaani kwetu wameishi maisha marefu, wakazaa, wakalima, wakazika, na hawana picha hata moja ambayo haikupigwa kwa ajili ya rejista.

Zipo, bila shaka, picha za malipo. Harusi, kipaimara, mahafali ya darasa la saba, paspoti za dakika tano. Hizo nazo zina mtu anayezingoja: mteja ameshatoa kishika uchumba, na mpiga picha anajua kwamba asipomnasa bibi harusi akikata keki, hatalipwa sehemu iliyobaki. Naziheshimu kazi hizo. Ila mpiga picha wa ridhaa hana anayemngoja. Hakuna orodha, hakuna mteja, hakuna makabati Leipzig. Anaamka asubuhi, anachukua kamera ya mtumba au simu, anatoka, na hakuna mtu duniani atakayelala njaa asipofanya hivyo. Uhuru huo ni mtamu kwa wiki chache. Baadaye unageuka swali.

Na swali lenyewe nililetewa mwezi wa kumi, msimu wa korosho, na bibi wa mtaa wa nyuma. Alikuwa amekaa chini ya mkorosho wake anakonyoa. Mabibo anayarusha upande wa kushoto, korosho zinaingia kwenye ungo upande wa kulia, na hewa imejaa ule utamu unaochacha ambao ukiuacha siku mbili unaitwa uraka. Mikono yake ilikuwa imeshika maji ya mabibo mpaka vifundoni. Mwanga ulipenya majanini ukaangukia kwenye vidole. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwomba nimpige picha.

“Ya nini?”

Nikasema nimependa tu.

“Umependa nini, nzi?”

Kisha akaanza kunisaili kwa utaratibu. Ya gazeti? Hapana. Ya chama cha msingi? Hapana. Mnaandikisha upya wakulima wa kupewa salfa? Hapana, bibi. Akanitazama kwa muda. Nilihisi kwamba nikiendelea kusema hapana nitakuwa nimeishiwa sababu zote za kuwapo pale. Huyu ni mtu aliyezoea kwamba anayekuja na kifaa amekuja na orodha, na mimi nilikuwa na kifaa bila orodha. Kwa hesabu zake, mtu wa namna hiyo ama ni mgonjwa ama ni tapeli.

“Basi ngoja,” akasema.

Akainuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amenawa, amejipaka mafuta, amevaa doti ya kanga ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Mjukuu alimfuata na kiti. Kiti kikawekwa katikati ya uwanja, mbali na mkorosho, mbali na mabibo na nzi, kwenye jua la saa sita. Akakaa, akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akafumba mdomo. Kila nilichokuwa nimekipenda kilikuwa kimeachwa chini ya mti.

Hapa ndipo mafunzo mengi ya upigaji picha yanapokosea njia kwetu. Yanamfundisha anayeanza kwamba picha nzuri ya mtu ni ile ambayo mwenyewe hajui kama anapigwa: akiwa kazini, akiwa amesahau, akiwa “asilia”. Ukimwona amekaa pozi, wanasema, umechelewa. Maoni hayo yana historia yake, na historia hiyo ni ya watu ambao tayari walikuwa na picha za pozi kwenye kuta za bibi zao, wamezichoka, wanatafuta kingine. Huku kwetu pozi halijachosha mtu. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, au Omar Said Bakor alipokuwa na studio yake Lamu, wateja hawakwenda ili wanaswe wamesahau. Walikwenda wakiwa wameoga, wamevaa, wamekopa saa ya mkononi. Mteja wa pwani na wa bara alitaka aonekane mzima, kuanzia kilemba hadi viatu, na mpiga picha aliyekata miguu alirudishiwa picha yake. Hadi leo mwambie fundi wa studio yoyote Masasi kwamba utampiga mtu mkono mtupu uliotapakaa maji ya mabibo, atakuuliza mwenye mkono atalipa nini.

Wengine watasema hiyo ni kasumba, kwamba watu wanaogopa kuonekana walivyo. Sikubaliani nao. Bibi yule alikuwa na jibu la swali lake mwenyewe kabla mimi sijalipata. Kama picha hii si ya serikali wala ya gazeti, basi ni yangu, na kama ni yangu nitakaa ninavyotaka kukumbukwa. Ile niliyoitaka mimi, ya vidole na mwanga, ingekuwa yangu. Angekuwa ndani yake kama mfano: mkulima mwanamke wa korosho, Masasi. Ningeweza hata kuiandikia maelezo hayo chini.

Nikampiga alivyokaa. Ila jua halikukubali hivihivi, na hapo ndipo sehemu ya ufundi inapoingia. Masasi iko kusini ya Ikweta kwa digrii kumi na kitu, na kwa hiyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari na karibu na tarehe 20 Oktoba. Siku hizo saa sita mchana nguzo ya umeme haina kivuli. Mwanga unamwagika kutoka juu moja kwa moja: paji la uso linang’aa, pua inatupa kivuli mdomoni, na macho yanazama kwenye mashimo mawili meusi. Na Oktoba ndiyo korosho zinaanguka, yaani ndiyo watu wako nje wakiokota. Mtu angedhani jua kali ni neema kwa mpiga picha, na bibi naye alidhani hivyo. Ndiyo maana alihamishia kiti uwanjani, anisaidie. Nikamwomba tusogee barazani, mahali ambapo paa linakinga utosi na uwanja mweupe wa mchanga unarudisha mwanga usoni kutoka chini. Alisogea kwa shaka. Kwake nilikuwa namtoa kwenye mwanga nampeleka gizani.

Halafu kuna ukuta. Nyuma ya kiti pana chokaa nyeupe, mbele ya chokaa pana uso mweusi. Kamera, hata iliyo ndani ya simu, imeundwa ikiamini kwamba dunia kwa wastani ni ya rangi ya kijivu. Ikiona weupe mwingi inasema mwanga umezidi, inapunguza, na uso unakuwa kivuli chenye meno. Dawa yake ni ndogo: unagusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, kinatokea kijiduara au kijisanduku, pembeni yake kijijua, unakisukuma kijijua juu kidogo kwa kidole. Ukuta unaungua, unapoteza nyufa zake, na uso unafunguka: mikunjo ya pembeni mwa macho, kovu dogo juu ya nyusi, ule mng’ao wa mafuta kwenye mfupa wa shavu. Mtu wa kwanza kunionyesha hilo aliniambia, “Acha ukuta ufe.” Tangu hapo nimeua kuta nyingi.

Mashine haina nia mbaya, lakini ilifundishwa na watu, na watu walianza na sura zao. Kwa miongo kadhaa maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Akionekana vizuri yeye, mashine imekaa sawa. Wengine tulitoka tulivyotoka. Ng’ambo ya mto Ruvuma, mwishoni mwa miaka ya 1970, mtengeneza filamu Jean-Luc Godard alialikwa Msumbiji kutoa ushauri wa televisheni, na anakumbukwa kwa kuikataa filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Simulizi hiyo inapendwa sana na wasomi. Mimi inanigusa kwa sababu ya kawaida zaidi. Albamu za miaka ya themanini za familia nyingi za huku zimejaa shangazi wasio na pua. Watu walilipia kuonekana, wakapewa umbo na nguo. Anayejifunza leo, akijua kukisukuma kijijua, anawalipa wale shangazi sehemu ya deni ambalo hakulikopa yeye.

Kujifunza mwanga kuna faida nyingine, ambayo haina picha ndani yake. Nilianza kuiona Lisekese. Nilidhani naijua, kwa kuwa nilikuwa napita humo kila siku nikiwa na haraka zangu. Sasa najua kwamba kilima cha Mkomaindo asubuhi ni cha zambarau na jioni ni cha rangi ya mkate, na kwamba kati ya Agosti na Oktoba, watu wanapochoma mapori, machweo yanakuwa mazuri kwa sababu mbaya. Najua Juni na Julai, wakati mikorosho inachanua na watu wanapuliza salfa, vumbi lile la njano linakaa hewani alfajiri kabla upepo haujaamka, na miale inapita ndani yake ikionekana kama kamba. Ni kitu cha kupendeza ukiwa mbali nacho. Ukiwa karibu unakohoa. Newala, kule ukingoni ambapo uwanda unakatika kwa ghafla pale Shimo la Mungu, nimeona ukungu umejaa bondeni huku juu jua linawaka. Nilipiga, haikutoka. Baadhi ya vitu vikubwa vikiingia kwenye fremu vinakuwa vidogo, na bonde lile ni kimojawapo.

Mchongaji wa Kimakonde akipewa gogo la mpingo haanzi na kuongeza kitu. Anatoa. Anaamua ganda jeupe la nje libaki wapi, na moyo mweusi uanzie wapi, na kila anachokitoa hakirudi. Fremu ya kamera inafanya kazi kwa sheria hiyohiyo: nguzo hii itoke, ndoo ile itoke, nusu ya anga itoke. Nilipoelewa hivyo niliacha kutafuta vitu vya kupiga, nikaanza kutafuta vya kuacha. Hata macho ya kawaida, yasiyo na kamera, yanapata nidhamu hiyo. Sokoni naweza kusimama nikatazama mikono ya muuza dagaa akipima kwa kopo, nikaondoka bila kugusa simu, na nikahesabu kwamba nimefanya mazoezi.

Kuna watu wanaomtia moyo anayeanza kwa kumtajia Mohamed Amin. Alikuwa mtoto wa shule Dar es Salaam, kamera yake ya kwanza ni Box Brownie ya mtumba, akaishia kuwa yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia nzima. Ni kweli yote. Ila sioni kwa nini ridhaa ihesabiwe kuwa ngazi ya kupandia ajira. Mtu anayeimba kwaya ya Mtandi kila Jumapili haulizwi atatoa albamu lini. Tukimpima mpiga picha wa ridhaa kwa ajira atakayoipata, tunakuwa tumemtafutia orodha nyingine ya kuingia, na lile swali la bibi litakuwa limejibiwa kwa ujanja tu: ya nini? Ya kesho.

Lipo pia jambo ambalo kamera hailijui na mtu wa huku analijua tangu utotoni: si kila kinachoonekana ni cha kupigwa. Siku wari wanapotoka jandoni, kila simu iko juu, na hakuna anayekatazwa. Nguo mpya, ngoma, noti zinazobandikwa kwenye vipaji vya nyuso, vyote vinafanywa ili vionekane. Lakini kilichokuwa likumbi, kambini kwao, kabla ya siku hiyo hakifanywi ili kionekane, na kila mtu anajua mpaka ulipo bila kibao. Vinyago vya midimu navyo vina sheria zake. Mtaalamu wetu J. A. R. Wembah-Rashid aliviandikia makala kwa jarida la kigeni mwaka 1971, na msomaji anapata mengi kuhusu ngoma na mavazi. Lakini uwanjani, kinyago kinapocheza, adabu ni moja: humtafuti aliye ndani. Kuna anayemjua kwa miguu yake, kuna anayemjua kwa kikohozi, na wote wanashangilia kana kwamba hawamjui.

Kamera inafanya kinyume. Inanasa miguu, inaikuza, inakupa muda wa kulinganisha nyumbani. Weule aliondoka huku na vinyago kadhaa na filamu za ngoma, na leo unaweza kuvitazama vinyago vilivyochukuliwa kusini kwetu vikiwa nyuma ya kioo, havichezi, kila mtu akijua kwamba ndani hamna mtu. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema. Wazee wa jando walikuwa na yao zamani, na adhabu zake zilieleweka bila wakili. Nimekuwa kwenye uwanja wa midimu nikiwa na kamera begani, mwanga mzuri mno, na nikaiacha begani. Picha ile ambayo sikuipiga naikumbuka kwa undani kuliko nyingi nilizonazo, na siwezi kumwonyesha mtu, na nadhani ndivyo inavyopaswa.

Hilo linanipeleka kwa Mfaransa Roland Barthes, ambaye kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1980, ni juu ya picha. Mama yake alikuwa amefariki. Akapekua picha zake zote, hakumwona, mpaka alipokuta moja ya mwaka 1898, mama akiwa mtoto wa miaka mitano. Anaieleza kurasa kwa kurasa. Kitabu kina picha nyingi ndani, lakini hiyo haimo, kwa sababu, anasema, kwa msomaji isingekuwa kitu: mtoto mmoja kati ya watoto, picha ya zamani kati ya picha za zamani. Wapo wanaomwona mbinafsi. Mimi naona alisema kitu ambacho kila kijana aliyetumwa kutafuta picha ya marehemu anakijua. Maana haikai kwenye karatasi. Inakaa kati ya karatasi na mtu anayeweza kusema huyu ni nani. Ukimwondoa huyo, inabaki kanga, kiti, ukuta. Na huyo huondoka mapema kuliko tunavyodhani. Kizazi kimoja tu, na tayari watu wanabishana kwenye albamu kama yule wa kushoto ni mama mkubwa au jirani.

Kwa hiyo sehemu ya upigaji picha ninayoithamini zaidi sasa hivi haina uhusiano na kamera. Ni ya steshenari na kalamu. Simu yangu ina picha nyingi kuliko ambazo babu zangu wote kwa pamoja waliona maishani, na nimeshuhudia simu za wenzangu zikiibwa kwenye basi, memori kadi zikifa bila kuaga, miaka mitano ya watoto ikapotea mchana mmoja. Picha iliyosafishwa kwenye karatasi inaliwa na mende, inapauka, lakini inashikika, na ina mgongo. Mgongo wa picha ni mahali pa kuandika. Weule alikuwa na sahani za kioo zilizohitaji maji ya kuoshea, juu ya uwanda ambao maji yalipandishwa kichwani kutoka mabondeni. Alikuwa na wapagazi wa kubeba yote. Alikuwa na daftari. Kuuliza “unaitwa nani?” kulikuwa rahisi kuliko vyote hivyo.

Nilipompelekea bibi picha yake, saizi ya kadi, aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Hakusifu mwanga wala uso uliofunguka. Aliangalia miguu kama ipo. Ilikuwepo. Akauliza kwa nini ukuta wake umekuwa mweupe hivi wakati una nyufa, nikamwambia nyufa nimezificha, akafurahi sana, akadhani nimefanya makusudi kwa heshima yake, na sikumkatalia.

Nikageuza picha nikamwuliza niandike nini. Akanitajia jina lake lote, halafu la baba yake, halafu kijiji alichozaliwa, ambacho kiko ng’ambo ya Ruvuma, halafu mwaka aliovuka, ambao aliukadiria kwa vita. Akataka nitaje kwamba shamba ni lake mwenyewe, si la mumewe. Nafasi ilikuwa inakwisha.

“Na wewe jiandike.”

Nikasema si lazima.

“Wajue nani alinipiga,” akasema. “Wakiuliza ya nini, wakuulize wewe.”

Kalamu ya bei ya chini haishiki kwenye karatasi ile ya kung’aa. Herufi za mwisho za jina la baba yake zilikuwa tayari zimefutika chini ya kiganja changu. Mjukuu akapewa mia tano akanunue maka peni dukani, na wakati tunangoja bibi alianza kunieleza habari za dada yake aliyeolewa Newala, kwamba hawajawahi kupigwa wakiwa wawili, na kwamba basi la asubuhi linawahi sana kwa hiyo nijiandae.